Mali kauli inapokatika: biashara iliyoyumba itafute fedha wapi?

Ukipita Keko, Dar es Salaam, asubuhi, utasikia misumeno kabla hujayaona makochi. Vitanda vya mninga vimeegemezwa ukutani, meza zimepangwa hadi ukingoni mwa barabara, na ndani mafundi wana vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Hapo ndipo nilipokaa jioni moja na fundi mwenye karakana yake, ambaye sitamtaja jina. Daftari lake lilikuwa katikati yetu, juu ya meza ambayo bado haijapigwa vanishi. Alitaka nimwelekeze mahali pa kupata mkopo wa shilingi milioni 3. Benki anakokopa siku zote ilikuwa imemkatalia. Taasisi mbili ndogo nazo zilimkatalia, zikamwambia jina lake linasoma vibaya. Lakini kilichomuuma zaidi kilitoka kwa mzee anayemuuzia mbao kwa miaka tisa: alikuwa amemkatia mali kauli.

Neno hilo linastahili kutazamwa vizuri. Mali kauli ni mzigo unaoondoka nao kwa neno la mdomo: chukua leo, uza, nilipe Jumamosi. Hakuna fomu wala picha ya pasipoti wala hati ya nyumba. Kilichowekwa rehani ni kauli yako. Nami nashikilia kwamba mtu ambaye biashara yake imeyumba na jina lake limechafuka aanze kutafuta fedha kwa wale wanaoweza kuiona kauli yake ikitimia kwa macho yao, na yule asiyemjua awe wa mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume. Huanza na asiyewajua, anayeuliza maswali machache na kutoa fedha ndani ya dakika kumi, na huyo ndiye anayewamaliza.

Turudi kwenye daftari, kwa sababu bila daftari mazungumzo yote ya mkopo ni kubahatisha.

Fundi alikuwa amekopa milioni 7 za kulipa kwa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye deni linalopungua. Rejesho lilikuwa karibu 640,000 kila mwezi. Alilipa manne bila kukosa. La tano likachelewa, la sita halikupelekwa. Deni lililobaki lilikuwa kama milioni 4.8. Tulipoandika mwezi wake wa kawaida, mauzo yalikuwa milioni 4. Mbao, sponji, kitambaa, gundi na ujira wa vijana vilikula milioni 2.9. Kodi ya eneo 300,000, umeme 80,000. Kisha nikamuuliza nyumbani wanakula nini. Akanyamaza, halafu akasema kama 400,000. Hazikuwa zimeandikwa popote, kwa kuwa hakuzihesabu kama matumizi ya biashara, ilhali zilitoka kwenye droo ileile.

Ukitoa hayo yote, kinabaki 320,000. Rejesho ni 640,000. Kila mwezi, hata kama wateja wote wangelipa na hakuna mtoto aliyeugua, kulikuwa na pengo la 320,000. Milioni 3 alizokuwa akizitafuta zingeliziba pengo hilo kwa miezi tisa tu, na hapo ni kama zisingekuwa na rejesho lake zenyewe.

Swali ambalo wengi hulikwepa ni kama biashara inakufa kwa kukosa mtaji au kwa hasara. Fedha ikipungua kwenye droo bila maelezo, mtaani husemwa ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta fedha za mtu. Sitaki kubishana na mtu kuhusu anachokiamini. Ninachoomba ni daftari lifunguliwe kwanza. Biashara isiyobakiza kitu hata kabla ya rejesho haiponi kwa mkopo, uwe wa benki au wa shemeji. Inataka kubadilishwa bei, bidhaa au mahali, na wakati mwingine inataka kufungwa mapema kabla haijala kiwanja cha familia. Fundi wetu hakuwa amefika huko. Kazi yake inabakiza. Kilichomzidi kimo ni rejesho.

Kwa bahati mbaya, kabla hatujakaa na lile daftari, alikuwa ameshapitia kausha damu, mkopo wa mtaani unaolipwa kila siku.

Alikopa 500,000 ili alipe sehemu ya rejesho la benki. Walikata 20,000 za fomu, akapokea 480,000, akatakiwa kurudisha 20,000 kila siku kwa siku 30. Aliambiwa riba ni asilimia 20, na kwa masikio ya mtu mwenye shida asilimia 20 inavumilika. Tuihesabu. Alipokea 480,000, akalipa 600,000, hivyo gharama ni 120,000. Lakini hizo 480,000 hakukaa nazo mwezi mzima. Alianza kuzirudisha kesho yake, na katikati ya mwezi nusu ilikuwa imeshaondoka. Kwa wastani alikuwa na kama 240,000 hivi mkononi, na kwa hizo alilipia 120,000. Hiyo ni nusu ya fedha yenyewe, kwa mwezi mmoja. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wanaokopesha bila kupokea amana. Riba ya kawaida ya mikopo ya benki zetu huzunguka asilimia 15 au 16, tena kwa mwaka.

Sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia benki za huduma ndogo hadi vikundi vya kijamii kama VICOBA, na anayekopesha anatakiwa awe na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya simu yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Nilifurahi kuiona orodha ile. Lakini kausha damu wa mtaani hana programu ya kufungiwa. Ana daftari, ana pikipiki, na ana vijana wa kubeba vyombo. Anachokiuza hasa ni hofu ya aibu: jirani aone friji yako ikitolewa, mwenye nyumba ajue, mkweo asikie. Mtu mzima mwenye akili timamu atalipa 20,000 za leo kwa kuuza kitanda kwa hasara ili friji isitoke mlangoni. Hapo ndipo karakana inapokufa, kwa sababu kitanda kilichouzwa chini ya bei ya mbao zake hakiwezi kuzaa kitanda kingine.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kumwendea ni yule unayemkwepa: mkopeshaji wako wa zamani.

Najua jambo hili linavyosikika kwa mtu ambaye amezima simu wiki tatu. Lakini tazama upande wa pili wa kaunta. Rejesho likipita siku 90 bila kulipwa, mkopo wako unahamia kwenye mikopo chechefu. Benki inalazimika kutenga fedha zake kufidia hasara inayoweza kutokea, na Benki Kuu inataka mikopo ya namna hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote ya benki. Afisa mikopo naye ana mkuu wake anayemuuliza kila Jumatatu. Mteja anayeingia siku ya 60 na mpango mkononi anawapunguzia tatizo. Anayekuja siku ya 200 akisindikizwa na dalali hana cha kujadili. Kupanga upya marejesho ni utaratibu unaojulikana katika benki zetu. Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ilizilegezea benki masharti ili zipange upya mikopo ya wateja walioathirika. Tatizo ni kwamba utaratibu huo hausemwi kwa sauti. Mabango ya benki yanatangaza kukopa; sijawahi kuona hata moja linalomwambia mtu, umekwama, njoo tuzungumze. Nalaumu benki kwa hilo.

Unapokwenda, usiende na maelezo ya shida. Shida wanazijua. Nenda na karatasi moja yenye mauzo na matumizi, nenda na taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, na utaje mwenyewe kiasi unachoweza. Kwa fundi wetu, milioni 4.8 zikitandazwa kwa miezi 24 kwa riba ileile, rejesho linashuka hadi karibu 240,000 na anabakiwa na 80,000. Kwa jumla atalipa riba kubwa zaidi, zaidi ya laki 6 kupita mpango wa mwanzo. Ni ghali. Lakini ni ghali inayolipika.

Hapo hapo aulizie jina lake linasomaje kwa kweli. Tangu kanuni za 2012, taarifa za wakopaji nchini hukusanywa na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, na benki huangalia huko kabla ya kukukopesha. Una haki ya kuiona taarifa yako na kupinga kosa lililomo. Nimemjua mama lishe mmoja aliyekosa mkopo kwa sababu ya deni la simu lisilofika 20,000, alilolichukua kwenye laini aliyokuja kuipoteza na hata hakulikumbuka. Alilipa kwa siku moja kitu kilichomfungia milango miaka miwili. Hakuna aliyemwambia atazame.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie fedha, na fedha ya kwanza ipo ndani ya karakana yenyewe.

Fundi alikuwa anadai milioni 2.3. Kochi la harusi ya mwaka jana, kabati la mwalimu, kitanda cha mtoto wa jirani. Kila mmoja alisema mwisho wa mwezi, fundi, na miezi imeisha mingi. Anadaiwa hadi anazima simu, na papo hapo anawaonea haya wale anaowadai yeye. Nilimwambia aende Jumapili jioni, amevaa vizuri, awasalimie kwanza na kuulizia watoto, kisha aseme: mwalimu, ile laki tatu, nikipata nusu leo nitashukuru, nyingine tupange. Katika wiki sita alikusanya milioni 1.1. Seti mbili za makochi zenye kitambaa kilichopitwa na wakati aliziuza kwa gharama ya mbao na sponji. Alilia kidogo kwa hizo, lakini zilikuwa zimekaa miezi saba zikila nafasi ya kodi.

Kuna jambo moja la Keko ambalo nataka nilikazie, maana limewafikisha mafundi wengi polisi. Ni advansi. Mteja anatoa nusu ya bei ili kazi ianze. Fundi aliyebanwa anaichukua ile nusu, analipa rejesho, halafu anasubiri advansi ya mteja wa pili aanze kazi ya wa kwanza. Kwa nje karakana inaonekana ina kazi nyingi, ilhali kila mteja mpya ni deni jipya. Huu ni mkopo mbaya kuliko wote, kwa kuwa unakopa kwa mtu ambaye hajui kwamba amekukopesha. Dawa yake mafundi wenyewe wanaijua: nenda na mteja dukani, alipie mbao na kitambaa yeye mwenyewe, risiti abaki nayo, wewe uchukue ufundi. Faida inapungua kwa sababu hupati kitu kwenye vifaa. Lakini kazi inafanyika bila mtaji, na mteja anaona kwa macho fedha yake imekwenda wapi. Jina linaanza kurudi hapo.

Vikundi navyo. Mtu ambaye benki haimkopeshi bado anaweza kukaa kwenye kikoba cha watu 20 wanaomfahamu, aweke 5,000 yake kila wiki na kuonekana akiweka. SACCOS nyingi, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa wadhamini wanachama. Ninaipenda njia hii kwa sababu inapima kitu kinachotokea sasa badala ya kilichotokea mwaka juzi. Tahadhari yangu ni moja: usiingie kwa haraka ya kukopa, na usimburute mdhamini kwenye pengo ambalo hujaliziba. Mdhamini akikatwa akiba yake kwa ajili yako, umepoteza mtu ambaye hakuna kampuni ya taarifa itakayokurudishia.

Mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba na ni msaada wa kweli kwa wanaohusika. Ilisitishwa Aprili 2023 baada ya kasoro kuonekana, ikarejea 2024. Fundi wetu ana miaka 48, ni mwanamume na hana ulemavu, kwa hiyo mlango huo si wake. Hata kwa wanaoruhusiwa, nimeona vikundi vinavyoundwa wiki moja kabla ya fomu kufungwa, watu wasiojuana waliounganishwa na tangazo. Vikundi hivyo huvunjika fedha ikishagawanywa. Ningependa halmashauri ziangalie pia biashara iliyoyumba lakini inabakiza, ambayo ikiongezewa kidogo inasimama tena pamoja na vijana wake watatu au wanne wanaolipwa ujira. Mara nyingi kuiinua hiyo ni rahisi kuliko kuanzisha mpya kutoka sifuri.

Kama shida ni mashine, kuna mikopo ambayo mashine yenyewe ndiyo dhamana. Kampuni ya EFTA, kwa mfano, imejenga kazi yake juu ya msingi huo: mtambo unabaki mali ya mkopeshaji mpaka umalize kulipa. SIDO nayo, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ni mahali pa kugonga hodi. Kwa fundi wetu haikuhitajika. Randa yake ya umeme ilikuwa nzima.

Kinachonikera katika mfumo wetu ni upofu wake kwa mambo mema. Fundi huyu alichukua mbao kwa mzee yuleyule miaka tisa, karibu kila wiki, na kulipa. Ni mamia ya mikopo midogo iliyorudishwa kwa wakati, na hakuna mahali popote kwenye kanzidata ilipoandikwa. Rejesho moja la benki lililochelewa na moja lililokosekana yaliandikwa mara moja. Ukiuliza jina lake linasomaje, utasomewa miezi miwili na kufichwa miaka tisa. Madaftari ya wauzaji wa jumla wa Kariakoo, ya wauza mbao wa Keko na ya wauza saruji wa kila mtaa yamebeba historia ya ukopaji iliyo bora kuliko ile tunayoilipia kuiona. Kama taarifa za vikoba na za mali kauli zingeweza kuingia kwenye hesabu kwa ridhaa ya mwenyewe, watu wengi wanaoitwa hawakopesheki wangekutwa wanakopesheka.

Na serikali isijitoe hapo. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, na zabuni sasa zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, jambo jema. Lakini mtu akitengeneza madawati ya shule na kukaa mwaka hajalipwa, amekopesha serikali bila riba kwa fedha aliyoikopa kwa riba. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimetaja madeni ya wazabuni na watoa huduma mwaka baada ya mwaka. Nyuma ya baadhi ya majina yanayosoma vibaya kuna hati ya madai ya halmashauri ambayo haijalipwa, na kampuni za taarifa za wakopaji haziwezi kuiona.

Benki ilimjibu fundi baada ya wiki tano. Walimpa miezi 18, si 24. Rejesho limekuwa karibu 306,000, na kwenye ile 320,000 anabakiwa na 14,000. Ni nyembamba mno. Yeye na mkewe wamepunguza 50,000 kwenye matumizi ya nyumbani, na kuanzia sasa zinaandikwa. Mkopo mpya wa milioni 3 hakuupata, na sidhani ataupata mwaka huu.

Kwa mzee wa mbao alikwenda Jumamosi ya kwanza na 100,000 kati ya 700,000 alizokuwa akidaiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea."

"Sikupotea, mzee. Nilikuwa naona haya."

Mzee alizihesabu, akaandika, hakusema kitu kingine. Fundi hakuomba mbao. Alirudi Jumamosi ya pili, na ya tatu, kila mara na laki moja, bila kuomba. Jumamosi ya nne, kabla hajageuka kuondoka, mzee alimwita kijana wa dukani amhesabie fundi mbao kumi za mkongo, akafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika tarehe.